Haja Kwanza, Kahawa Baadaye

Nakumbuka alasiri moja ya Ijumaa, mwanangu, nilipompa mtu haja yake kabla hajaisema. Umesoma sawasawa: kabla hajaisema. Kaa vizuri nikusimulie, kwa maana kisa hiki nimekificha miaka mingi chini ya joho la ujaji, na mtu mzima akificha kosa lake, vijana hulirudia wakidhani wao ndio wa kwanza kulifanya.

Umri wangu ulikuwa haujatimia miaka thelathini na mitano. Nilikuwa wakili, ofisi yangu iko ghorofa ya pili hapa Matrah, Maskati, juu ya duka la vitambaa, na nilisifika kwa jambo moja: sitii saini karatasi mpaka niisome mara tatu. Wateja walichoka kunisubiri. Mtu alimaliza vikombe viwili vya chai, mimi bado niko ukurasa wa kwanza. Basi uwakili ukanipa jina, jina likanipa kura, na watu wa wilaya yetu wakanichagua niende kuwasemea kwenye Majlis ya Shura, baraza la wawakilishi wa nchi nzima.

Sasa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya kuchaguliwa nilianza kutembea polepole barabarani ili watu wapate nafasi ya kunisalimia. Naona haya kukwambia, lakini ndivyo nilivyokuwa. Mama yangu, Bi Shekha, Mungu amrehemu, alinikuta siku moja mbele ya kioo nikijifunga kilemba kipya, akanitazama juu mpaka chini. "Kilemba kizuri," akasema. "Angalia tu kisikuzibe masikio." Nikacheka, nikidhani ananitania kama kawaida yake.

Wewe umezaliwa hapa Maskati, na desturi ya kahawa huhitaji kufunzwa. Lakini huenda maneno haya ukayasoma pamoja na mwenzako wa Dar es Salaam au Mombasa, basi niieleze kwa ajili yake. Mgeni mwenye haja nzito haanzi kuisema. Atakula tende, ataonja halua, atauliza hali za watoto mmoja mmoja. Kahawa ikimiminwa, atapokea kikombe na kukiweka chini mbele yake bila kukitia mdomoni. Hapo sebule nzima hunyamaza, kwa kuwa kila mtu ameelewa: mgeni huyu hanywi mpaka akubaliwe haja yake. Na mwenyeji muungwana huona aibu mtu atoke kwake na koo kavu.

Ijumaa hiyo alikuja Mzee Khalfan. Alikuwa rika la marehemu baba yangu, amekulia Pemba, nyumba yake hapa Matrah nyuma ya soko, na kule kijiji cha Yiti, ng'ambo ya milima, alikuwa na viwanja viwili vya urithi. Alikuja na wanawe wawili. Sebule yangu siku hiyo ilijaa watu, wengi wao walikuja kunipongeza, na mimi nimekaa mbele kama bwana harusi. Kahawa ikafika. Mzee Khalfan akapokea kikombe chake, akakiweka kwenye zulia.

Watu wakanyamaza, wote wananitazama mimi. Mwanangu, sijui nikwambie nini. Nililewa macho yao. Nilikuwa nimesikia hadithi za masheikh wa zamani waliokuwa wakikubali haja ya mgeni bila kuuliza, nami nikataka niwe mmoja wao mbele ya kadamnasi.

"Kunywa kahawa yako, Ami Khalfan," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Haja yako ishapita."

Mzee Khalfan akanitazama kidogo. Kisha akanywa, akaongezwa, akanywa tena, akatikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Ndipo akaeleza. Kati ya viwanja vyake vya Yiti kuna kichochoro. Wanawe wanataka kuviunganisha wajenge nyumba moja kubwa, na wamemwambia kichochoro hicho hakipiti mtu siku hizi. Anataka barua yangu ya kuunga mkono ombi lao la kukifunga. Watu wakaona ni haja nyepesi, wakanisifu kwa ukarimu wangu. Kesho yake asubuhi mimi, wakili wa kusoma mara tatu, nikaiandika barua ile bila kwenda Yiti, mwendo usiofika saa moja kwa gari.

Ulimi hauna mfupa, na barua yangu ilikuwa na muhuri. Ombi likapita.

Haukupita muda mrefu, akaja nyumbani mwanamke mmoja wa Yiti, jina lake Bi Zayana. Hakupitia sebuleni kwa wanaume. Aliingia ndani kwa mama, wakazungumza, kisha mama akaniita. Nikamkuta ameshika kitambaa cha mkononi anakikunja na kukikunjua. Akanieleza kwamba mumewe alipigwa na kiharusi, hatembei, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mara tatu kwa wiki humsukuma mpaka barabarani, gari ije imchukue kwenda hospitali kufanyishwa mazoezi ya miguu. Na mkono umeanza kurudi, alisema, sasa anaweza kushika kijiko. Nyumba yao ina njia mbili tu: upande mmoja ngazi za mawe, upande wa pili kichochoro cha Mzee Khalfan. Mafundi wameshapanga mistari miwili ya matofali, na ukuta ukipanda mumewe hatatoka tena.

"Mie sikuja kukugombeza, baba," akaniambia. "N'nauliza tu. Siku ya kura nilimsukuma kwa njia ile ile, jua linachoma, kwa vile alisema hakubali mpaka akupigie wewe. Sasa wewe ulitaka tupite wapi?"

Alipoondoka nikakaa chini karibu na mama, na kichwa kikaanza kuniuma. Nikimwacha Mzee Khalfan ajenge, nimemfungia mgonjwa ndani ya nyumba, mtu aliyenipa kura yake. Nikiivunja ahadi niliyoitoa mbele ya sebule nzima, nani atakayeamini tena neno langu?

"Nshampa neno, mama," nikasema. "Kanywa kahawa. Na ahadi ni deni."

"Ni deni, kweli," akasema mama. "Lakini wewe umemlipa Khalfan kwa kitu cha Zayana."

Nikamuuliza nifanye nini. Hakunitazama hata, alikuwa anapembua mchele. "Kwani kahawa iko kwetu tu? Nenda kwake. Na yeye ana zulia la kuwekea kikombe."

Nikaenda siku hiyo hiyo, baada ya sala ya adhuhuri. Nilivaa kilemba cha zamani. Mzee Khalfan alinipokea kwa heshima, akaleta tende, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Nikapokea kikombe. Nikakiweka chini.

Tulikuwa wawili tu. Nikangoja aniambie ninywe. Nilikuwa na hakika ataniambia, kwa kuwa mimi nilimwambia yeye, na fadhila hurudishwa. Mzee Khalfan akavuta tasbihi yake, punje moja, punje ya pili.

"Sema kwanza," akasema.

Nikasema yote: mgonjwa, ngazi, kijiko, siku ya kura. Nikamwomba anirudishie neno langu. Nilipomaliza, kahawa ilikuwa imepoa na juu yake pamefanya utando.

"Unajua," akasema Mzee Khalfan, "siku ile nlipoweka kikombe changu kwako, nlitaka uniskilize. Hukuniskiliza. Ulinipa kabla hujajua n'nataka nini. Nlirudi kwangu nimefurahi, na nimekudharau. Nkajisemea, huyu angempa hivi hivi mtu yeyote, hata mwizi, mradi watu wamtazame."

Mwanangu, nimesomewa hukumu nyingi nikiwa wakili, na nyingine nimezisoma mwenyewe nikiwa jaji. Hakuna iliyoniingia kama hiyo. Alikuwa hajapandisha sauti.

"Haya, na mie nna kosa langu," akaendelea. "Wanangu walinambia hapiti mtu, nami sikwenda kutazama. Mwamba ngoma huvutia kwake. Inuka twende."

Tukaenda kwa gari lake, mimi na yeye, kwa njia ya milimani. Tulipofika tukawakuta wanawe wamesimama na mafundi. Kichochoro kilikuwa cha mchanga mgumu, na katikati yake, kutoka mlango wa Bi Zayana mpaka kwenye matofali, kulikuwa na mifuo miwili iliyokwenda sambamba, imechimbika kwa kupitwa na magurudumu wiki baada ya wiki. Mzee Khalfan akaitazama. Akamgeukia mwanawe mkubwa.

"Mlinambia hapiti mtu."

"Hapiti mtu, baba," mwanawe akajibu, na Mungu ni shahidi, alijibu kwa moyo safi kabisa. "Anapita yule mgonjwa tu."

Mzee Khalfan akamtazama mpaka kijana mwenyewe akainamisha macho. Kisha akawaambia mafundi watoe matofali. Tuliporudi Matrah jua limeshuka, akamwaga kahawa yangu iliyopoa, akamimina nyingine ya moto. "Sasa kunywa," akasema. Nikainywa, na machozi yalinilengalenga.

Usidhani mambo yaliishia kwa furaha ya watu wote. Wale vijana walininunia miaka, tukikutana mazikoni wananipa ncha za vidole. Na mimi ilinibidi niandike barua ya pili ya kuitengua ile ya kwanza, na kueleza ndani yake kwamba ya kwanza niliiandika bila kujua ninachokiandika. Jaribu siku moja uandike barua ya namna hiyo, kisha utie saini jina lako kamili. Nikapewa jina la utani, Barua Mbili. Hata kipindi changu cha Shura kilipokwisha na nikashuka kwenye kiti, jina lilibaki. Miaka ilipopita nikateuliwa kuwa jaji, na binamu zangu wakasema masikini wenye kesi, watasomewa hukumu mbili mbili.

Lakini nakwambia kweli, jina lile lilinifaa kuliko shahada zangu. Kila nilipofungua faili nililikumbuka. Mlalamikaji akisema vizuri, akalia vizuri, moyo wangu ukitaka kumwambia anywe, nilijiuliza ni nani anapita kwenye kichochoro hiki ambaye hayumo humu ndani. Usiku wa kuamkia kesi moja, jamaa wa karibu sana alikuja nyumbani akaweka kikombe chini. Nikamwambia aseme kwanza. Alipoanza tu kutaja jina la mmoja wa wenye kesi, nikamwambia kahawa ikipoa tutapasha nyingine, lakini maneno hayo siyasikii nje ya mahakama. Akaondoka bila kunywa. Iliniuma, maana ni damu yangu. Baada ya mwaka alirudi, akanywa vitatu, na habari ile hatukuitaja tena.

Siku hizi nimestaafu na nimeridhika. Bi Zayana bado hai. Mumewe alikufa kitandani kwake, lakini kabla ya hapo alikwishafika barabarani kwa bakora, kupitia kichochoro kile kile, na siku hiyo waliniita nije kumwona. Nilisimama kwenye mchanga nikampigia makofi kama mtoto. Watu bado wananiletea haja, kama kwamba mzee mstaafu ana muhuri mfukoni. Juzi mjukuu wa ndugu yangu kanitumia kwa simu picha ya kikombe cha kahawa kilichowekwa sakafuni, bila neno jingine. Nikamjibu: sema kwanza. Akataka nimwazime gari.

Basi mwanangu, nawe umesoma sheria, na naona wameanza kukusifu. Cheo kitakuja, kikubwa au kidogo, na pamoja nacho watakuja watu na vikombe vyao. Nasaha yangu si kwamba uwe bahili. Toa, wasaidie watu, Mungu huwapenda watoaji. Lakini usitoe ili uonekane unatoa. Anayekuja kwako msikilize mpaka amalize, umuulize, uende ukatazame kwa macho yako. Kisha umtafute yule ambaye hakuja, kwa sababu hana gari, au hana miguu, au hakujua kwamba siku hiyo njia yake inazungumzwa. Na ukikosea, andika barua ya pili. Itakutia haya, na haya hiyo haiui mtu.

Mungu akupe masikio mapana kuliko kiti chako, akuepushe na macho ya sebule, na kila mlango utakaoufungua upitwe na mwenye nguvu na asiye nayo. Radhi zangu unazo, na za Bi Shekha pia, ambaye hukumdiriki.

Kikombe changu hiki hapa, nimekiweka chini tangu nilipoanza kukusimulia. Haja yangu, kwamba uishike nasaha hii, nimeisema kwanza, kama nilivyofunzwa. Ifikirie taratibu, usinijibu kwa kunionea haya. Ukiridhika nayo njoo uniambie, nimimine nyingine ya moto tunywe.