Makombo Niliyoyaona Ngenge

Nilitumwa Ngenge kwa sababu mguu wa mama ulivimba. Jumuiya yetu ya Rwamishenye ilikuwa imemchagua yeye aende kumwombea Koku, mtoto wa dada yangu Editha. Koku alikuwa anatembea vizuri, hata kukimbiza kuku, mpaka alipougua homa kali. Hospitali walimtibu, homa ikaisha, lakini miguu ikabaki kama si yake. Tangu kabla ya Krismasi alikuwa anakaa pale anapowekwa. Hakusimama, hakutambaa. Daktari alisema wamnyooshe miguu kila siku, wamrudishe kliniki, na wavumilie. Dada alipiga simu akasema, "Mama, njoo. Nimechoka kuomba peke yangu."

Mama aliutazama mguu wake, kisha akanitazama mimi. Mimi nauza chumvi na sabuni katika kibanda chetu bila kuinua macho. Niliishia darasa la saba. Zamu ya kuomba ikizunguka kwenye jumuiya na kunikaribia, huwa nabeba mtoto wa mtu na kutoka naye nje. Nilimwambia mama sitaweza, mbele ya wakwe za dada. Akasema Koku ni damu yangu pia, na akaanza kunifungia mzigo.

Jioni ya kuagwa, jumuiya ilisoma habari za yule mwanamke Mkanaani. Binti yake alikuwa anateswa, naye akamfuata Yesu akilia, wala Yesu hakumjibu hata neno. Wanafunzi wakataka afukuzwe. Kisha akaambiwa kwamba chakula cha watoto hawapewi mbwa. Mama yule hakukasirika. Alikubali, akasema hata mbwa hula makombo yanayoanguka chini ya meza ya bwana wao, na binti yake akapona saa ile. Ta Laurenti, mzee wetu wa jumuiya, alifafanua vizuri sana habari ya imani, lakini mimi nilikuwa nimekwama kwenye ule ukimya. Kama alimnyamazia mtu aliyelia njiani mbele za watu, mimi nisiyeweza hata kupaza sauti atanijibu nini?

Nikaamua mambo mawili. Nitafunga, nisitie kitu kinywani tangu asubuhi mpaka jioni, kwa siku zote za safari. Na nitakariri sala ndefu kama za Ta Laurenti, zile zinazoanzia kwenye kuumbwa kwa nyota.

Asubuhi, stendi ya Bukoba. Nilipata kiti cha dirishani, na pembeni yangu akakaa mama mmoja wa Kiislamu wa mjini, Mama Zuhura, aliyekuwa anapeleka vitenge gulioni Muleba. Yeye naye alikuwa amefunga, maana mwaka huu Ramadhani na Kwaresma vimekutana. Gari lilipoanza kwenda nikafumba macho na kuipitia sala yangu kwa kunong'ona. Nilipokosea nilirudi mwanzo. Mama Zuhura alinivumilia kitambo, halafu akaniuliza, "Binti, unaenda mahakamani?"

Nikamwambia hapana.

"Nakuona unajifunza ushahidi."

Nilicheka, nikamweleza kuwa ni sala, ya mtoto mgonjwa wa dada yangu. Uso wake ukabadilika. Akafungua viganja vyake juu ya vile vitenge, akasema, "Mungu amnyanyue," akajifuta uso kwa mikono, basi. Yake ilikuwa imekwisha, na mimi hata kwenye nyota nilikuwa sijafika.

Kemondo, ziwa lilitokea ghafla upande wa kushoto. Ninaishi karibu na ziwa hili na nimelizoea, lakini asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha mbali, juu ya maji, na huku kwetu jua linawaka. Niliona mvua nzima, mwanzo wake na mwisho wake, ikitembea bila sauti. Nikasahau nilipofika kwenye kukariri. Baada ya Muhutwe tukapanda vilima, migomba ikafungana pande zote mbili, kisha ikaachia nyasi na mawe, kisha ikarudi tena.

Muleba nilishuka, nikaagana na Mama Zuhura. Shemeji Deo alikuwa ananisubiri karibu na soko na pikipiki ya jirani. Ni mtu mpole. Aliniuliza habari za mguu wa mama, akaufunga mzigo wangu kwa mpira, tukaondoka. Kutoka kule juu barabara inashuka kuelekea Ngenge, na nchi inajifungua mbele yako, pana na ya kijani, mpaka macho yanakosa pa kushika. Joto likaongezeka. Sehemu zenye tope nilishuka nikatembea, viatu mkononi. Deo alisema kidogo tu kuhusu Koku. Alisema kila akitoka shamba huangalia kwanza kama mtoto yuko palepale alipomwacha, na siku zote yuko palepale.

Mchana tulifika. Sebuleni walikuwa wametandika nyasi mbichi kwa ajili yangu, zinanukia nyumba nzima. Koku aliwekwa juu ya mkeka, amenenepa mashavu, kidole mdomoni. Nilipiga magoti nikamwamkia Ma Paulina, mama mkwe wa dada. Aliitikia kwa furaha, akaenda ndani, akarudi na kikapu kidogo cha akamwani, zile buni za kutafuna zilizochemshwa na majani yake zikakaushwa.

Kila Mhaya anajua maana ya kikapu hicho. Mgeni akichukua buni moja, nyumba imempokea naye ameipokea nyumba. Hata aliyefunga huichukua akaishika kiganjani. Nami najua hivyo tangu utoto. Lakini nilifikiri Mungu atapendezwa zaidi nikiwa mkali, nikasema, "Asante Ma, nimefunga." Mikono nikaibana mapajani.

Dada alinitazama. Ma Paulina akakifunika kikapu. "Haya, waitu," akasema kwa adabu tu, na tangu hapo hakuniuliza tena habari za nyumbani.

Tukaomba. Niliianza sala yangu, nikapita mbingu, nikapita nyota na bahari, nikawataja manabii. Katikati ya manabii nikasahau. Nikanyamaza nitafute neno, na Ma Paulina, akidhani nimemaliza au akinihurumia, akasema, "Amina." Wote wakaitikia. Jina la Koku nilikuwa sijalitaja. Mtoto alinitazama na kidole chake mdomoni. Mlangoni Popi, mbwa wao, alikuwa anajikuna.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na dada kwenye kibanja kukata ndizi. Mvua ya usiku ilikuwa inadondoka bado kwenye migomba. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile sala, lakini yeye akaanza na buni. Alisema Ma Paulina alizichagua moja moja na kuzichemsha mwenyewe aliposikia nakuja, na jana alikwenda kulia jikoni.

"Umekataa kidogo chetu," akasema, "halafu unamwomba Mungu kikubwa."

Nikabeba mkungu. Tulipofika kwenye kijia nikamwuliza yeye huwa anaomba vipi. Alisema miezi ya kwanza aliomba maneno mengi, akaweka nadhiri, akalia mpaka sauti ikakauka. Siku moja mwinjilisti wao akasoma habari za Mkanaani.

"Yule mama alipopiga magoti alisema neno dogo tu, Bwana nisaidie. Nikaona linanitosha. Nikimnyoosha Koku miguu, nasema hilo. Nikimwogesha, nasema hilo."

"Na akinyamaza?"

"Nasema tena. Niende kwa nani mwingine?"

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Nilimtazama mgongo wake akitangulia na panga mkononi, nikaogopa, kama mtu anavyoogopa akiingia kanisani peke yake na kukuta taa ya madhabahuni inawaka. Dada huyu nimelala naye kitanda kimoja. Sikujua nimelala na mtu wa namna hii.

Jioni, kabla giza halijaingia, tulikaa chini kula. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage vilitandazwa kwenye jani la mgomba katikati, mvuke unapanda. Siku zote Koku hula akiwa mapajani kwa mama yake, lakini dada alikuwa anapakua, akamweka kwenye nyasi karibu nami. Deo alipomega, kipande cha ndizi kikaponyoka, kikabingirika hadi karibu na mlango. Nikanyoosha mkono nikiokote. Ma Paulina akanigusa kiganja.

"Kiache. Cha chini kina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Popi. Alikuwa ameingiza kichwa tu mlangoni, miguu ameiacha nje, anangoja. Macho yake hayakutoka kwenye kile kipande, wala hakubweka.

Koku alimwona. Akatoa kidole mdomoni. Akaweka kiganja kimoja kwenye nyasi, kisha cha pili, akaanguka kifudifudi. Dada akataka kuinuka, Deo akamshika mkono. Mtoto akajikusanya. Goti la kulia likaja mbele. La kushoto lilikokotwa nyuma kama mzigo, kisha nalo likaja. Nyasi zilikuwa zinalia chini yake, na ndiyo sauti pekee iliyokuwepo nyumbani. Sisi wote mikono ilikuwa imesimama hewani na chakula ndani yake. Alitambaa, akapumzika, akatambaa, mpaka akakifikia kile kipande kabla ya mbwa. Akakitia mdomoni pamoja na nyasi zake, akageuka kututazama.

Ma Paulina ndiye wa kwanza kupata sauti. "Popi," akasema, "leo umenyang'anywa." Akacheka mpaka machozi, au alilia akaficha kwa kicheko, sijui.

Dada alikuwa ameshapiga magoti. "Bwana," akasema. Neno la pili halikutoka.

Koku hakuwa amesimama. Mguu wa kushoto ulikuwa bado mzito, na kliniki ilikuwa bado inamsubiri. Lakini hakuna aliyesema kwamba huko si kutembea. Walilipokea kombo lile kama karamu, na mimi nilijiona nimekaa pembeni ya meza ya Mungu mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka nilipiga magoti mbele ya Ma Paulina na kumwomba akamwani. Nilitoa mikono yote miwili.

"Kwani hufungi leo?" akaniuliza.

"Nafunga, Ma. Lakini nipe."

Akacheka kidogo, akaniwekea buni moja kiganjani. Niliishika njia nzima, kwenye tope, kwenye kile kilima cha Muleba, hadi ziwa likaonekana tena Kemondo. Nyingine alizifunga kwenye jani kavu la mgomba niwapelekee wa nyumbani.

Rwamishenye mama alinipokea mlangoni, mguu umepungua uvimbe. Swali lake la kwanza lilikuwa kama Koku anatembea. Nikamwambia bado, ila ametambaa mpaka mlangoni. Mama akakaa kwenye kizingiti, akafunika uso kwa khanga.

Jumuiya ilipokutana, Ta Laurenti alinitaka nitoe shukrani kwa ajili ya safari. Kulikuwa na mtoto wa jirani karibu ambaye ningeweza kumbeba. Sikumbeba. Nilifungua lile jani kavu, nikapitisha akamwani kwa kila mmoja, na wote walipokuwa na buni mkononi nikafumba macho.

"Bwana," nikasema, "asante kwa Koku. Tusaidie."

Walingoja niendelee. Nilisikia mtu akikohoa, na mvua ikianza kwenye bati. Sikuwa na lingine, na sikuona aibu. Kisha mama akasema Amina, nami nikaitia buni yangu mdomoni.