Mbegu Kumi na Moja za Kibuyu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa nimeolewa hapa Karurumo mwaka mmoja tu, nina cheti cha kidato cha nne, na kichwa kikubwa kuliko cheti chenyewe. Leo nimekuona ukisoma kwenye simu namna ya kuotesha mbegu kwa dawa za nyumbani, nikasema kabla hujafungua kabati la jikoni, keti kwanza.

Mama mkwe wangu alikuwa na mbegu za vibuyu alizokuja nazo kutoka kwao Mbeere alipoolewa huku. Vibuyu vyake vilikuwa vikubwa, vyenye shingo ndefu, na uji wa harusi zote za ukoo ulichachushwa humo. Lakini ukame ulimpunguzia mbegu, na msimu uliotangulia nyingine zilioza ardhini kwa ukungu. Zilibaki kumi na moja. Akanipa zote, zimefungwa kwenye kitambaa.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Hizi nakuachia. Zikipotea, kibuyu cha mama yangu kimeisha."

Shuleni mwalimu wa kilimo alikuwa ametufundisha kwamba dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ikitiwa kwenye maji mengi, huua ukungu ulio juu ya mbegu. Kifuniko kimoja kwa kikombe cha maji, dakika chache, kisha unasuuza vizuri. Mimi nilikumbuka dawa nikasahau maji. Nilijiambia kwamba ikiwa kidogo inasaidia, nyingi itasaidia zaidi. Nikatia mbegu zote kwenye kikombe, nikazifunika kwa dawa tupu, nikaenda sokoni. Huko nikakutana na rafiki wa shule, na wewe unanijua mimi na maneno.

Niliporudi alasiri zilikuwa nyeupe kama kucha, nyingine maganda yanabanduka. Nilijua zimekufa. Hata hivyo nilizipanda kwenye mikebe, nikazimwagilia, nikanyamaza.

Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Mvua ya mwezi wa kumi ilianza, na kila asubuhi mama mkwe alipita kwenye mikebe kabla ya kukamua ng'ombe, anainama, anagusa udongo kwa kidole. "Bado?" ananiuliza. "Bado, Mama." Wiki tatu nilimjibu hivyo, mwanangu. Mwishowe alinikuta nimeketi kando ya mikebe nalia, nikamweleza yote.

Hakupaza sauti. Alifukua mbegu moja, akaivunja kwa ukucha, akainusa.

"Mbegu kuharibika ni mambo ya shamba," akasema. "Hata mimi nimeharibu nyingi. Lakini dada yangu wa Ishiara nilimpa mbegu hizi zamani, pengine amebakisha. Ungeniambia siku ile, ningeenda kwake mvua haijaanza. Sasa umenipotezea wiki tatu za mvua, na ulikuwa unaniangalia nikiinama."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniuma. Kesho yake tulienda Ishiara. Dada yake alitupa mbegu sita, ndizo alizoweza kugawa. Nilidhani mama mkwe atazipanda mwenyewe. Badala yake alileta kikombe na ile chupa ya dawa, akaviweka mbele yangu.

"Nionyeshe vile mwalimu alisema," akaniambia. "Lakini tatu tu. Zile zingine tutaziloweka kwa maji matupu."

Nikapima kifuniko kimoja kwa kikombe cha maji. Alisimama hapo tukihesabu dakika pamoja, kisha tukasuuza zile tatu mara tatu. Za dawa ziliota zote, za maji ikaota moja. Mvua ilikuwa imebaki kidogo, kwa hivyo tulichota maji mtoni kwa mitungi, na tukavuna vibuyu viwili vidogo, vimepinda, lakini vimejaa mbegu. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku niliyopata cheti.

Kwa hivyo dawa si adui, mwanangu, jaribu. Ila pima, tena anza na mbegu chache, nyingine uziweke. Usiichanganye dawa hiyo na siki wala na kitu kingine cha kusafishia, maana mvuke wake huziba kifua, na chupa ikae juu watoto wasifikie. Na siku utakapoharibu, maana utaharibu, sema siku hiyo hiyo, wakati mvua bado ipo. Mama mkwe wangu alinisamehe mbegu mara moja. Kuliamini neno langu tena kulimchukua miaka.

Mungu aibariki mikono yako, na kila utakachofukia ardhini kikuchungulie asubuhi. Na kisipochungulia, akupe moyo wa kuja kuniambia.