Maganda Sita Chini ya Mabawa

Saa tisa na dakika kumi alasiri, askari wanne waliingia uani kwetu Vulamba wakaikuta ndege yetu ya mabomu juu ya meza ya Baba. Nimeikumbuka kwa sababu juzi, huko Beni, niliona mtoto akitoboa bati kwa msumari, tundu moja moja, kama tulivyofanya sisi.

Mimi na kaka yangu mkubwa Paluku, niliyemwita Yaya, tuliijenga kwa makopo ya mafuta na mianzi, mita mbili kutoka bawa hadi bawa. Ilinuka lami tuliyoipaka. Mabomu yake yalikuwa maganda sita ya risasi, tuliyookota barabarani baada ya mapigano.

Askari mmoja aliyagusa. "Nani alitengeneza hii kitu?"

"Ni miye, chef," Baba alijibu. "Batoto hapana jua kitu."

Kitako cha bunduki kilimpasua mdomo. Mimi niliona tu Baba anatuibia kazi yetu. Nikapiga kelele: "Baba anadanganya! Ni siye! Yaya Paluku njo aliokota risasi!"

Wakamwacha Baba. Waliulaza mkono wa kuume wa Paluku mezani, kando ya bawa, wakauponda kwa kitako kile kile. Mifupa ililia kama bati. Kisha wakaikanyaga ndege.

Hadi leo Paluku hupokea vitu kwa mkono wa kushoto. Wageni humwona hana adabu, naye hucheka tu. Mimi, niliyesema siku ile, hunyamaza.