Maji ya Askari wa Shaba

Sanamu ya askari ililetwa sokoni kwetu, upande wa Ikutha, ndani ya lori la mchanga, imeviringishwa magunia. Ilikuwa ya shaba, ya kuwakumbuka askari wa kawaida waliokufa katika vita vya mashifta kule kaskazini. Haikuandikwa jina la mtu. Mama alipoiona akasema, "Kama haina mwenyewe, basi ni ya mwanangu."

Kaka yangu, askari, alizikwa huko kaskazini, hatujui wapi. Askari mwenzake alikuja kutuambia kwamba alikufa akiomba maji. Ndiyo sababu kila siku ya soko mama alijaza kibuyu kidogo, akaenda kukimwaga miguuni pa sanamu, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa.

Ukame ulipokuja, tulichimba mchanga wa mto mpaka shimo likamfika mtu kifuani ndipo maji yakatokea. Wanawake wa sokoni wakamcheka mama.

"Mama askari, unapanda nini hapo? Ukivuna bunduki utugawie!"

"Wewe nitakugawia risasi," mama akajibu, huku akiendelea kumwaga.

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, nimesoma hadi sekondari, na nilipenda kuheshimiwa. Wazee wenzangu waliniuliza kama kwetu tumerudia kutambikia mizimu. Jioni hiyo nikamwambia mama, "Mwaitu, shaba hainywi. Unaniaibisha."

"Nani amekuambia nainywesha shaba?"

"Basi chagua. Kibuyu hicho, au meza ya Bwana."

Mama akakitundika kibuyu ukutani. Tangu hapo, siku za soko alibaki nyumbani akichambua pojo. Nami nilidhani nimemwokoa mama yangu.

Miaka michache baadaye aliugua. Nilimshikia kikombe, akanywa kidogo, akakisukuma.

"Haya mengine ni ya kaka yako. Mpelekee."

Niliitikia. Lakini ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa, na wazee wenzangu wote wako huko. Nilifika langoni na kikombe mkononi, nikayamwaga maji kwenye ua wa minyaa, nikarudi ndani.

"Amekunywa?"

"Amekunywa, Mwaitu."

Kutoka kwetu hadi sokoni ni mwendo wa kuvuka mto na kupanda kilima. Mama aliitazama miguu yangu, haikuwa na vumbi.

"Umerudi upesi," akasema, akageukia ukuta.

Hakuniomba maji tena.