Fundi Fikirini afunua paa alilolifunga mwenyewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla bati halijaanza kuchoma nyayo, Fikirini Shomari amechuchumaa juu ya paa la nyumba moja ya Mchafukoge. Kucha ya nyundo yake imeshaingia chini ya kichwa cha msumari. Haung'oi. Anautazama tu.

Chini uani, mwenye nyumba, Bi Sitara, amesimama na kofia ya kushona mkononi, sindano imechomekwa kwenye kitambaa. Naye hashoni.

"Fundi," anaita Bakili, mpangaji wa chumba cha mbele na mtani wa Fikirini wa siku zote. "Unafunua paa au unafunua kaburi? Maana naona umeanza na dua."

"Nikimaliza kulifunika hili, nitashuka kuufunika mdomo wako," Fikirini anajibu bila kugeuka.

Anavuta. Msumari unatoka ukilia. Anautia mfukoni kwa adabu zote, kwa sababu mwaka huu wa 1981 msumari wa bati uliopinda ni bora kuliko ahadi ya msumari mpya dukani.

Fikirini ana miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza juu ya vichwa vya watu. Alianza kwa kuezeka makuti kwao Kigamboni, akavuka maji na kuhamia kwenye bati wakati mji mzima ulipohamia huko. Kwa siku yenye kazi hupata shilingi thelathini na tano. Siku zisizo na kazi ndizo nyingi, kwa kuwa hakuna bati la kupigilia.

"Watu wa mjini wanalipenda bati asubuhi na jioni," anasema. "Saa saba mchana hakuna anayelisifia."

Bi Sitara hakuwahi kulisifia hata asubuhi. Anaishi kwa kushona kofia nyeupe za mkono, kazi ya mwezi mzima kwa kofia moja nzuri, na chumba chake cha kushonea kiko upande wa nyuma unaokaangwa na jua tangu adhuhuri.

"Tone moja la jasho likigusa uzi, kofia imeshakuwa ya njano," anaeleza. "Mteja anaitazama kama vile mwenzake ameshaivaa na kufa nayo."

Mwaka 1979, baada ya kungoja kibali miezi kumi na moja, alipata mabati thelathini na sita. Hapo likaja swali linalowakosesha usingizi wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam: chini ya bati uweke nini ili usiive?

Mbao za dari hazikuwa dukani. Makuti chini ya bati bwana afya aliyakataa, akisema mtaa ulivyobanana, cheche moja inatosha. Kuna jirani aliyeshauri unga wa mbao, na Fikirini akamwambia mchwa watamletea barua ya shukrani.

Ndipo fundi akatoa wazo lake mwenyewe, usumba, nyuzi zile zile za kumbi la nazi ambazo wengine huzijaza kwenye godoro. Alipigilia gunia za katani kwenye mapau, akatandaza usumba juu yake unene wa shubiri moja, kisha akafunika kwa bati.

"Siku ya kwanza nilishona mpaka adhana ya alasiri," Bi Sitara anakumbuka. "Nikatoka nje kuangalia kama jua lipo. Lilikuwepo."

Kwa mwaka mmoja na nusu Fikirini alitembea Kariakoo kifua mbele. Kisha, Desemba iliyopita, Mzee Hamis wa Buguruni, ambaye banda lake lilikuwa la kwanza kujaribiwa usumba, alimtumia kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Hakikuwa na barua. Ndani yake mlikuwa na kipande cha bati. Fikirini alipokigusa, kidole kilitokea upande wa pili.

Mkewe, Zamzam, hakuhitaji kuelezwa. Amekulia pwani ya Kigamboni akiponda makumbi kwa gongo. Makumbi hayo hufukiwa kwenye mchanga, yakalala katika maji ya bahari miezi kadhaa mpaka yalainike. Usumba unaotoka hapo umeshiba chumvi.

"Nilimwambia mapema, usuuze kwa maji baridi, si ya bahari, mara tatu," Zamzam anasema. "Akanijibu chumvi ndiyo inayokomaza kamba. Nikamwambia, sawa, mume wangu, nenda kafunge kamba."

Fikirini hakani. "Kamba za babu yangu zilikaa baharini zisioze. Nikajiuliza, kitu kisichokula kamba kitakula chuma? Kumbe chakula chake ndicho hicho."

Mzee Hamis alisamehe. Alisema pale analala yeye na mbuzi wawili, bati lipakwe lami, basi. Lakini lilibaki paa la Bi Sitara, na paa hilo lilikuwa halivuji. Hakuna aliyemuuliza fundi chochote. Alikwenda mwenyewe, akavua kofia, akasema.

"Nikamuuliza, linavuja? Akasema bado," Bi Sitara anasimulia. "Nikamwambia, sasa mbona unaniletea kilio kabla ya maiti?"

Fikirini alimwambia kwamba lazima afunue kabla ya masika. Akaongeza ahadi, mbele ya Bakili: kila bati litakalokutwa limeliwa, atalilipa kwa bati lake.

Ahadi hiyo si ya mdomoni tu. Chini ya kitanda cha Fikirini na Zamzam, Buguruni, yamelala mabati ishirini mapya, ya kuezekea nyumba yao ya makuti inayovuja. Waliyangojea miaka miwili. "Nalala juu ya nyumba yangu," Zamzam huwaambia majirani. "Wenzangu wanalala chini ya zao."

Kwa hiyo asubuhi hii kila msumari unaong'olewa una mabati ya Zamzam nyuma yake. Na kuna jambo linalomtesa zaidi fundi. Mwaka ule wa 1979 alinunua usumba mara mbili. Mzigo wa kwanza ulikaa nje uani, ukanyeshewa masika yote, chumvi ikaoshwa. Wa pili ulivushwa Magogoni kutoka Kigamboni baada ya mvua kukatika, ukapanda juu siku hiyo hiyo na chumvi yake. Upi aliutandaza mbele na upi nyuma, hakumbuki.

Bati la kwanza la upande wa mbele linainuka. Fikirini analigeuza. Linang'aa kama samaki.

"Zima," anasema.

La pili, zima. La tano, la tisa. Bi Sitara anaichomoa sindano, anashona mishono miwili, anasimama tena. Inapofika saa mbili na nusu mabati kumi na nane ya mbele yameshakaguliwa, na yote ni mazima. Bakili anaanza kupiga miluzi.

"Nyamaza," Bi Sitara anamwambia. "Bado chumba changu."

Upande wa nyuma, Fikirini anagonga kwanza kwa mpini wa nyundo. Sauti haimrudii, inazama. Anagonga tena pembeni, kisha anakaa kitako juu ya mbao, kama mtu aliyeambiwa apumzike.

Anapolivuta bati, ukingo unabaki mkononi mwake na bati linabaki paani. Vumbi jekundu linamwagika juu ya usumba.

"Ngapi?" Bi Sitara anauliza.

"Ngoja nifike mwisho, Bi Sitara. Usinihukumu nusu nusu."

Mwisho wake ni saa tano, bati likiwa limeshapata moto kiasi cha kubabua vidole. Kati ya kumi na nane ya nyuma, saba yana madoa tu ya kusugulika. Kumi na moja hayafai hata kufungia banda la kuku.

Fikirini anashuka ngazi taratibu. "Kumi na moja," anasema. "Kesho nayaleta."

"Na mkeo?"

"Mke wangu naye kesho ataniletea yangu."

Kesho yake mkokoteni wenye mabati kumi na moja mapya unasimamishwa njiani, karibu na Ilala, na mgambo. Siku hizi bati jipya likitembea barabarani, watu huulizana mlanguzi ni nani. Mgambo anasoma kibali mara mbili.

"Kibali kinasema Buguruni. Mbona mzigo unakwenda Mchafukoge?"

"Nalipa deni, afande."

"Kila niliyemkamata wiki hii alikuwa analipa deni."

Fikirini anajua mzigo ukichukuliwa hapa, Bi Sitara hana paa na yeye hana nyumba. Anachomoa kutoka chini ya mzigo bati moja bovu la Bi Sitara na barua ya Benjamini, balozi wake wa nyumba kumi, inayoeleza yote kwa mistari minne. Mgambo anaisoma barua. Kisha anaweka kiganja juu ya bati bovu, na kiganja kinapita.

"Hili ulilipigilia wewe?"

"Mimi."

"Na hakuna aliyekushitaki?"

"Hakuna."

Mgambo anamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Anamrudishia kibali. "Pita. Wahi kabla mwenzangu hajaja, yeye hasomi barua."

Pale Mchafukoge, Fikirini alikuwa ameshapanga kupigilia bati tupu na kuondoka. Bi Sitara amekataa. Chumba kimekaa siku moja bila usumba, na kofia aliyokuwa ameifikisha nusu ina doa la njano ubavuni.

"Bati tupu sitaki, na kupikwa sitaki," amesema. "Nirudishie usumba, ila safari hii aulete Zamzam."

Zamzam amekuja. Amesuuza usumba katika mapipa matatu, maji ya bomba ya foleni, na kila tita anachomoa nyuzi chache na kuziweka ulimini. Mawili ameyarudisha kwenye pipa, bado yana chumvi. Fikirini amesimama pembeni na nyundo, akingoja ruhusa ya kupanda.

Kule Buguruni yamebaki mabati tisa, ya kutosha chumba kimoja. Fikirini ameomba kibali kingine, na anajua atangoja. Lakini kabla ya masika anataka chumba hicho kimoja kiezekwe, na usumba uliosuuzwa chini yake.

Juzi mama mmoja wa Magomeni, Klara, alimfuata akitaka paa la usumba. Fikirini alimwambia hachukui kazi mpya ya namna hiyo mpaka chumba chake kipite masika mawili.

"Aje mwaka themanini na mbili, masika yakiisha," anasema. "Aniulize kwanza la kwangu linasemaje."

"Aniulize mimi," Zamzam anamkatiza, ladha ya usumba ikiwa bado mdomoni. "Mimi ndiye nitakayelala chini yake."