Vumbi la Guaria

Juma Kuu likikaribia, mji mzima wa Palmares husugua nyumba. Doña Eduviges naye alisugua, lakini akili yake yote ilikuwa juu ya paa.

Huko, kwenye vigae vya zamani, marehemu mumewe alipanda guaria, okidi ya zambarau, mwaka waliooana. Sasa mmea ulikuwa umeoza, ila kabla ya kufa ulizaa tunda moja la mbegu. Lilipopasuka, Eduviges alipanda ngazi akapukuta mbegu, laini kama unga, palepale kwenye mizizi ya mama yao, maana mahali pengine hazioti ng'o. Jirani alimwona, akacheka hadi akashika mbavu: "Jamani, bibi anapanda vumbi!" Tangu siku hiyo Eduviges akafunga mdomo, hata bintiye Yorleny hakumwambia.

Mvua zikaja, zikaisha, na vidoa vya kijani vikajitokeza. Ungeviona ungesema uchafu tu. Kila asubuhi alipanda ngazi akavichungulia. Aliogopa jua, aliogopa konokono, aliogopa ndege. Lakini mkwe wake, Wálter mume wa Yorleny, hakufikiria kumwogopa, masikini.

Alhamisi Kuu, akitoka kanisani, akamkuta Wálter juu ya paa, brashi mkononi.

"Mama, tazama! Si paa jipya hili? Klorini imekula uchafu wote!"

Eduviges alishika ngazi. "Umesugua... kote?"

"Kote! Kigae kimoja tu kilikuwa na ufa, hicho sikukisugua, nimekitupa kule kwa kuku."

Eduviges alikimbia, mtu mzima yule, kapandisha sketi ya kanisani hadi magotini, akawafukuza kuku kwa matusi ambayo hayasemwi Juma Kuu. Kigae kilikuwa kifudifudi. Alikishika akashindwa kukigeuza. Mwishowe akakigeuza. Pembeni, karibu na ufa, vilikuwapo vidoa vitatu.

Walipoketi kula, alikibeba hadi mezani, akakiweka kando ya jamu ya boga ya Juma Kuu.

"Atakayekigusa, kwangu asile tena!"

"Mama, uchafu mezani?" Yorleny alishangaa.

"Uchafu mama yako! Ni guaria. Nilizipanda mimi."

Wálter akaacha kutafuna. "Si ungesema, mama?"

"Niseme mnicheke?"

Hakuna aliyecheka. Yorleny aliinama, akavitazama vidoa kwa karibu, akazuia pumzi asivipulize.

"Ni za guaria ya baba hizi?"

"Ndizo zilizobaki," alisema Eduviges.