Harufu ya Breki Mlimani Monarch

Miaka ishirini na sita LaVonne Petty aliendesha basi la shule la dizeli kwenye milima ya Colorado, theluji ikianguka, watoto arobaini wakipiga kelele nyuma yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchubuka goti. Sasa sikia mumewe alifanya nini. Walipouza nyumba yao ili wanunue nyumba ya magurudumu, gari kubwa la kuishi na kusafiria, Dwight, mtu aliyestaafu kazi ya kuuza magodoro, alibeba kiti chake cha kukunja akaenda kuwauliza wanaume watatu waliokuwa wakiota moto kwenye kambi ya wasafiri walikofikia. Wote watatu wametoka Texas, upande ambao nchi ni tambarare kama meza. Wakamwambia petroli inatosha, dizeli ni ya wanaopenda kujionyesha. LaVonne alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, anageuza soseji. Hakuna aliyemuuliza hata chumvi iko wapi.

Binti yao Marcy alikuwa anaishi ng'ambo ya mlima Monarch, ana mimba ya mapacha, na daktari amemwamuru asitoke kitandani. Wa kumhudumia ni mama yake. Kila wiki LaVonne angevuka mlima ule kwenda na kurudi, mpaka watoto wazaliwe na baada ya hapo. Gari la kumtupa korongoni hakulihitaji.

"Nataka dizeli," alimwambia Dwight asubuhi iliyofuata. "Ile ina breki ya injini. Ukiachia mafuta, injini yenyewe inalizuia gari, huhitaji kukanyaga breki njia nzima."

"Mpenzi, hilo tumeshalizungumza."

"Mmelizungumza. Wewe na wenzako wa Texas."

Kwenye yadi ya magari, muuzaji mmoja aitwaye Kessel, bwana wa makamo mwenye meno meupe mno, alimwonyesha Dwight injini, na kumwonyesha LaVonne oveni. LaVonne alipouliza gari lina uzito gani matangi ya maji yakijaa, Kessel akampa Dwight jibu. LaVonne akameza hasira, akapanda garini.

Wakaenda kulijaribu lile la petroli mlimani. Dwight kashika usukani, Kessel kajinyoosha kwenye kochi nyuma, LaVonne kiti cha abiria na ramani mapajani, maana watu wa makambini ndivyo walivyojipangia: mume aendeshe, mke asome ramani. Ramani ya barabara aliyoipita mara elfu kadhaa, jamani. Wakapanda injini ikipiga kelele na malori yakiwapita. Kileleni wakageuza.

"Weka gia ya pili kabla hujaanza kushuka," LaVonne alisema.

"Breki zipo. Usinifundishe."

Mguu wa Dwight ukakaa juu ya breki, hautoki. Kona ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu harufu ikaingia ndani, kali, ya kitu kinachoungua.

"Dwight, unachoma breki."

"Ni harufu ya gari jipya hiyo, mama," Kessel akasema kutoka kwenye kochi. "Itaisha yenyewe."

LaVonne alisikia damu ikimpanda kichwani. Alitamani amgeukie amtie adabu, ila macho yake hayakutoka barabarani.

"Pedali ya breki inazama," Dwight akasema kwa sauti ndogo.

"Gia ya pili. Sasa hivi. Halafu ingia kulia, pale penye changarawe."

Ilikuwa sauti iliyozoea kunyamazisha watoto arobaini kwa mkupuo mmoja. Dwight akatii. Gari likaunguruma, likasitasita, likasimama huku magurudumu ya mbele yakifuka moshi. Kessel akasema labda ni vumbi.

Walingoja mpaka breki zikapoa. Kisha LaVonne akakaa kwenye usukani bila kuomba ruhusa, akateremka kwa gia ya pili, akigusa breki kidogo kwenye kona na kuiachia. Mpaka yadini hawakusikia harufu yoyote.

Dwight alishuka, akapiga teke tairi. Rangi ilikuwa imemrudia usoni.

"Si umeona mwenyewe?" akasema. "La petroli limeshuka vizuri tu. Kessel, tunachukua hili."

LaVonne alimtazama mume wake wa miaka arobaini na moja.

"Halikushuka, Dwight. Nimelishusha mimi. Wewe ulikuwa unatuua, na huyu bwana alikuwa anakupigia makofi."

Kessel akainama kukagua tairi. LaVonne akamtupia ufunguo miguuni.

"Lete la dizeli. Tunarudi mlimani kulijaribu."

"Na nani ataendesha?" Dwight akauliza.

LaVonne akaichukua ramani kwenye kiti cha abiria, akamsukumizia kifuani, akaenda zake kwenye mlango wa dereva.